Uchambuzi wa kisa: Paka wa dagaa aliyebadilishiwa chakula kwa siku moja

Mimi ni daktari wa mifugo ninayehudumia wanyama majumbani Dar es Salaam. Kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya wenye paka. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuwatambulisha nimeviondoa. Nakiandika kwa sababu kosa lililofanyika hapa nakutana nalo mara kwa mara, na karibu kila mara linafanywa na watu wanaompenda paka wao.

## Nyumba, paka na sahani yake

Ni nyumba ya familia, wilaya ya Kinondoni. Wanaishi watu watatu: bibi mstaafu, mjukuu wake wa kike anayefanya kazi ya ofisini na kulipa gharama zote za paka, na dada wa kazi, ambaye ndiye hasa anayejaza sahani mchana. Paka ni dume, amehasiwa, ana miaka kama saba. Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 6.2. Alikuwa mnene, mbavu zake huzipati mpaka ukandamize.

Tangu udogoni alikula ugali na dagaa. Dagaa wa Mwanza walioshwa mchanga, wakachemshwa na chumvi kidogo, maji yakamwagwa, kisha wakapondwa pamoja na ugali uliobaki usiku. Siku samaki akiingia nyumbani, kichwa kilikuwa chake. Paka wengi wa mji huu wamelelewa hivyo, na sina dharau na chakula hicho. Kina kasoro mbili tu ambazo mwenye paka anapaswa kuzijua. Ugali humshibisha bila kumpa anachohitaji, maana paka ni mla nyama kwa maumbile. Na yale maji yanayomwagwa huondoka na taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hautengenezi cha kutosha na ambacho huyeyuka kwenye maji. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka anayekosa taurini hupata ugonjwa wa moyo kutanuka, na kwamba akirudishiwa taurini moyo huweza kurejea katika hali yake. Ndiyo maana vyakula vya paka vya viwandani huongezewa taurini. Dagaa wenyewe wanayo, ila tunaimwaga kwenye sinki.

## Mkojo kuziba

Siku ya Jumatano bibi aliona paka anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka mtupu, anarudi tena. Alidhani amefunga choo. Jioni paka akaanza kulia kila akichuchumaa. Mjukuu aliporudi kazini alimkimbiza kituo cha matibabu usiku huo huo, na hilo ndilo lililomwokoa. Paka dume aliyeziba mkojo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, kwa sababu sumu na potasiamu hurundikana kwenye damu mpaka moyo unasimama. Alilazwa usingizi, akawekewa mpira wa mkojo, akapewa dripu. Mkojo wake ulipotazamwa kwenye hadubini ulikuwa na fuwele za struvaiti, aina ambayo chakula maalumu huweza kuiyeyusha.

Ijumaa jioni aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na vidonge na pakiti za chakula laini cha matatizo ya mkojo. Karatasi iliandikwa: apewe chakula hiki tu, asipewe kingine chochote. Ushauri wenyewe ulikuwa sahihi. Chakula laini kina maji asilimia 75 hadi 80, kikavu kina asilimia 10 hivi, na paka aliyeziba mkojo anahitaji maji kuliko kitu kingine. Kilichokosekana kwenye karatasi ni sentensi moja: aanzishweje, na afanyiwe nini akikikataa.

## Siku nne

Mjukuu ni mtu wa kufuata maagizo. Jumamosi asubuhi alichukua dagaa wote waliokuwa jikoni akawagawia jirani. Akafungua pakiti, akaponda kidonge akakichanganya humo, akamwekea paka. Paka alinusa, akalamba mara mbili, na mdomo ukajaa povu. Dawa ile ni chungu, na paka akionja uchungu hutoa mate mengi kama aliyekula sumu. Akakimbilia chini ya kitanda.

Jioni wakamwekea tena, safari hii bila dawa. Alifika hatua tatu kutoka kwenye sahani, akanusa hewa, akageuka.

Jumapili hakula kitu. Mtu mmoja wa familia akasema kwenye simu, "Mwacheni, njaa ikimshika atakula." Bibi alitaka kumpikia dagaa, mjukuu akamwonyesha karatasi ya daktari. Jumatatu hakula. Alikunywa maji kidogo kwenye ndoo, akalala kwenye sakafu ya bafuni, ambako vigae ni baridi. Jumanne saa mbili asubuhi bibi alinipigia mwenyewe.

Nilipoingia nilimkuta amekaa kwenye mkeka, paka yuko mapajani, kichwa kimelala kwenye mkono wake. Baada ya salamu aliniambia, "Mwanangu, huyu wamemponya mkojo, sasa anakufa na njaa, na chakula kimejaa ndani."

Nilimpima: kilo 5.7. Ngozi ya shingo nikiivuta ilichelewa kurudi. Mkojo ulikuwa unatoka vizuri, kibofu laini. Nilimfungua mdomo nikageuza uso wake dirishani. Paa la kinywa, ambalo kwa kawaida ni waridi, lilikuwa na rangi ya manjano hafifu sana, kama karatasi iliyozeeka. Kwa taa ya chumbani usingeiona. Damu niliyoipeleka maabara ilirudi na bilirubini iliyopanda, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu. Ini lilikuwa limeanza kujaa mafuta.

Hapo ndipo paka anapotofautiana na mbwa. Mbwa mzima akigoma chakula kipya siku mbili, mara nyingi ya tatu anakula na hadithi inaishia hapo. Paka akiacha kula, hasa paka mnene, mwili huanza kuvunja mafuta na kuyamimina kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuyamudu. Ini likijaa, paka anapata kichefuchefu. Kichefuchefu kinamfanya asile, na asipokula mafuta yanazidi kuja. Kumsubiri ashikwe na njaa ni kumsukuma zaidi huko huko, kwa sababu njaa yenyewe imeshageuka ugonjwa.

## Maamuzi ya siku ya kwanza

Uamuzi mgumu ulikuwa kumrudishia dagaa. Mjukuu alinipinga, na alikuwa na hoja: si ndicho chakula kilichomletea shida? Nilimweleza kwamba mkojo kwa sasa ulikuwa unatoka vizuri, lakini kwa ini hili tulikuwa na siku chache tu. Kwanza ale, chochote anachokikubali, ilimradi kisiwe na chumvi wala vitunguu na kiwe na maji mengi. Vitunguu nilivitaja makusudi kwa sababu mchuzi wa samaki ulikuwa jikoni, na kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Panadol nayo niliitaja, maana bibi aliniuliza kama nusu kidonge kingempunguzia maumivu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuua paka, na hata hiyo nusu ni hatari kwake.

Nilimchoma dawa ya kichefuchefu, nikampa maji chini ya ngozi, na kidonge kidogo cha mirtazapini cha kuamsha hamu ya kula. Chakula laini kile nilikitoa kabisa chumbani, pakiti zote, na sahani ile wakaiosha na kuibadilisha. Paka huunganisha chakula na hali aliyokuwa nayo alipokutana nacho. Huyu alikutana na harufu ile akiwa na kichefuchefu, ametoka kwenye kizimba cha hospitali, na ndani yake mkiwa na uchungu wa dawa. Kila ilivyowekwa mbele yake tena, chuki ile ilizidi kujengeka.

Niliwaambia kwamba asipokula kitu kufikia usiku, kesho yake tutamwekea mrija wa kulishia. Kumlisha kwa nguvu kwa bomba la sindano sikutaka, kwa sababu hiyo hiyo ya chuki.

Dada wa kazi alikwenda kwa jirani kuchukua dagaa waliogawiwa. Bibi aliwakaanga makavu kwenye kikaango bila mafuta, dakika moja tu, mpaka harufu ikajaa nyumba. Akawakata vichwa, akawaloweka kwenye maji ya moto, akamsugua mmoja kati ya vidole mpaka akawa uji, akauweka kiganjani. Masikio ya paka yalisogea kabla ya kitu kingine chochote. Alinusa kiganja muda mrefu. Akalamba. Bibi hakusema neno, alichukua wa pili akamsugua vile vile. Alikula sita, akanywa na maji yake. Ilikuwa saa kumi na robo alasiri.

## Mpango wa kubadilisha, safari ya pili

Kwa mbwa wengi kanuni ya kawaida hutosha: siku saba hadi kumi, robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha chote. Utumbo wake unahitaji muda huo ili vimeng'enya na bakteria wa tumboni wazoee. Ukimgeuzia ghafla anaharisha. Kwa paka huyu utumbo haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kukubali. Paka aliyekula kitu kimoja miaka saba hujua chakula kwa harufu na kwa namna kinavyokaa mdomoni, na kitu kingine chote kwake si chakula.

Siku sita za mwanzo alikula dagaa peke yao, bila ugali, pamoja na kibua aliyechemshwa na kutolewa miba, wakiwa na supu yao yote. Samaki alipikwa kila mara, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1. Vidonge vilipewa mdomoni, sebuleni, mbali na jikoni, na havikuchanganywa na chakula chochote tena. Siku ya nne tuliweka kijiko cha chakula kipya, cha chapa nyingine yenye kazi ile ile, kwenye kisahani cha pembeni hatua mbili kutoka kwake. Hakutakiwa kukila. Alitakiwa akizoee kukiona na kukinusa akiwa na tumbo lililoshiba.

Siku ya saba tukaanza kuchanganya. Kipimo kilikuwa kijiko cha chai, vijiko kumi kwa mlo, milo minne kwa siku. Kijiko kimoja kipya na tisa vya zamani kwa siku tatu, kisha viwili, kisha vitatu. Chakula kiliwekwa kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto mpaka kikawa na uvuguvugu wa mwili. Kikitoka kwenye friji hakina harufu, na paka hali kisichonukia. Kila mlo ulikaa chini nusu saa, kisha ukaondolewa. Kwa joto la Dar chakula laini hakivumilii zaidi, na sisimizi hawasubiri hata hiyo nusu saa: sahani ilikaa juu ya sinia lenye maji.

Dada wa kazi alitundika karatasi kwenye mlango wa friji akaandika kila mlo vijiko vilivyoliwa. Sharti lilikuwa moja: akila chini ya nusu ya kawaida kwa siku nzima, tunarudi hatua moja nyuma. Akimaliza saa 24 bila kula, mnanipigia siku hiyo hiyo.

## Palipokwama

Siku ya 16 nilipandisha kutoka vijiko vitatu hadi vitano. Alikuwa anakula vizuri, nami nikaona turuke kimoja. Alilamba supu, akaacha vingine vyote. Jioni vile vile. Vijiko vitatu kati ya kumi bado vilikuwa mlo wa dagaa wenye ladha ya kitu kingine; kwa vitano, mguso wa mdomoni ulibadilika, ikawa kitu laini chenye vipande vya dagaa. Nilipaswa kuliona hilo kabla. Tulirudi viwili kwa siku tatu, kisha tukapanda kijiko kimoja kila siku mbili, bila kuruka tena.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Karatasi ya friji ilionyesha siku kadhaa anakula nusu tu, lakini uzito haukushuka na alikuwa mchangamfu. Nilimuuliza dada wa kazi kama paka anatoka nje. "Daktari, huyu kila asubuhi anakwenda kwa mama wa samaki pale kona." Mama huyo hukaanga samaki wa kuuza, na paka alikuwa na zamu yake ya kila siku: mkia wa kibua uliokaangwa, wenye chumvi na ndimu. Siku zote nilizokuja sikuwahi kuuliza anakula wapi kwingine. Nilimhoji bibi kuhusu sahani ya nyumbani kwa dakika ishirini, na nusu ya kisa ilikuwa hatua hamsini kutoka getini.

Kumfungia ndani paka aliyezoea kutoka, katikati ya mabadiliko ya chakula, kungemwongezea msongo, na msongo nao huamsha matatizo ya kibofu. Mjukuu akaenda kuzungumza na yule mama. Alikubali mara moja, tena kwa huruma. Hakujua kama paka aliugua. Tangu siku hiyo mfuko mdogo wenye mchanganyiko wa siku hiyo ulipelekwa kwake asubuhi, na paka akiwasili alipewa huo, kwenye kifuniko cha ndoo kile kile alichozoea.

Umeme nao ulitukatikia usiku mmoja wa wiki ya nne. Pakiti iliyofunguliwa ilitupwa asubuhi, ingawa ilimuuma mjukuu kwa bei aliyoinunua. Ingemharisha sasa, tungepoteza wiki zote zile.

## Matokeo

Manjano ya kinywani yaliisha ndani ya wiki mbili, na bilirubini ilirudi kawaida. Siku ya 34 alikula vijiko kumi vya chakula kipya, milo yote minne, bila dagaa hata mmoja. Uzito ulitua kwenye kilo 5.4 na kukaa hapo. Wiki ya nane mkojo wake haukuwa na fuwele kwenye hadubini. Kinyesi kililainika siku moja tu, ya 14.

Baadaye alihamishiwa chakula laini cha kawaida kilichokamilika virutubisho. Kile cha kuyeyusha struvaiti ni cha muda maalumu na si cha kila paka maisha yote. Muda huo hupangwa na daktari anayefuatilia mkojo.

## Uchambuzi

Familia ilifuata maagizo kwa uaminifu, na uaminifu huo ulikaribia kumuua paka. Siwalaumu. Karatasi inayosema "hiki tu" bila kusema "pole pole" inamfanya mwenye paka achague kati ya kumtii daktari na kumsikiliza mnyama anayeishi naye. Bibi alimsikiliza mnyama tangu Jumapili. Angeachiwa, paka angekula siku mbili mapema. Mimi mwenyewe nimebadilisha karatasi zangu: sasa naandika idadi ya saa ambazo paka anaweza kukaa bila kula kabla ya kunipigia, na naiandika juu kabisa, kabla ya jina la chakula.

Wakati wa kuanza ulikuwa mbaya kuliko kasi yenyewe. Hata kwa kijiko kimoja kati ya kumi, sidhani kama paka huyu angekubali chakula kipya Jumamosi ile. Alikuwa na maumivu na kichefuchefu, na kila harufu mpya ilinuka hospitali kwake. Mabadiliko ya chakula yanasubiri mpaka paka ale chakula chake cha zamani kwa hamu siku kadhaa mfululizo. Pale ambapo ugonjwa hauruhusu kusubiri, mrija wa kulishia ni salama zaidi kuliko kugombana naye kwenye sahani. Na dawa isiwekwe kamwe kwenye chakula unachotaka akipende.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni karatasi ya friji. Bila hiyo tungesema "anakula kiasi" na kuridhika. Namba za dada wa kazi ndizo zilizonionyesha kwamba siku ya 16 nimekosea, na ndizo zilizoonyesha kwamba kuna chakula kinatoka mahali pengine. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza sahani, na mwanzoni hakuna aliyemweleza kitu, si kituo cha matibabu wala mimi.

Sina uhakika kama kisahani cha pembeni cha siku ya nne kilisaidia au kilikuwa cha bure. Nimekitumia kwa paka wengine wawili tangu hapo, mmoja alikwenda kukila mwenyewe, mwingine alikifukia kwa mguu kama kinyesi.

Kwa dagaa tulifikia makubaliano. Nilitaka waishe kabisa. Bibi alikataa kwa upole, nami sikuona sababu ya kiafya ya kumshinda. Wawili, wasio na chumvi, waliolowekwa, baada ya sala ya magharibi. Wamehesabiwa kwenye karatasi.

Mwezi wa tano chakula alichozoea kiliisha madukani. Mjini hapa hilo ni jambo la kawaida. Mzigo ukichelewa bandarini, rafu hukaa wazi wiki kadhaa. Mjukuu alikuwa ameshaweka akiba ya siku 20 kabatini, akanunua chapa nyingine iliyokuwapo, na akanitumia picha ya friji. Karatasi mpya, mwandiko wa dada wa kazi: "Siku ya 1. Kipya kijiko 1, cha zamani 9. Amemaliza."